Kulala jangwani karibu na Dubai: kwa nini bei za kambi zinapishana hivi?

#1 Mama Zuwena (Mtwara)
Habari zenu wana Kusini. Mimi na baba Zuwena tunakwenda Dubai malipo ya korosho yakishaingia. Safari ni ya mzigo wa duka, mapazia na vyombo, ila tumekubaliana tukimaliza Deira tujipe usiku mmoja jangwani, maana kila tukienda tunaishia kuburuza maboksi tu.

Wakala wa kwanza katupa bei ambayo hata mwanafunzi angejichanga. Wa pili katupa bei ya kununua pikipiki. Picha walizotuma zinafanana kabisa: mazulia mekundu, mito chini, ngamia, kandili, jua linazama. Wote wawili wanasema ni chini ya saa moja kutoka mjini. Sasa jamani, tofauti iko wapi? Na kulala kwenyewe kuna maana, au twende jioni turudi? Baba Zuwena ana matatizo ya mgongo, nalo mlitie kwenye hesabu.

#2 Chikongola Boy
Natandika mkeka hapa. Matajiri wa korosho mnatutesa.

#3 KoroshoGredi1
Mama hongera. Sisi wengine tuliuza mapema kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, sasa hivi tunawasoma tu.

Jibu langu ni fupi: hiyo tofauti ni ya madalali. Kambi moja inauzwa na mawakala chungu nzima, kila mmoja anapachika chake juu. Kuna anayekuuzia kiti kwenye gari la watu sita, na kuna anayekuuzia gari zima, lakini mnakwenda kula sahani moja kwenye hema moja. Kangomba ileile, imevaa kanzu tu.

#4 Fundi Gesi
Gredi1 umesema robo ya ukweli. Nilikaa kule kikazi. Kitu kikubwa ni ARDHI. Kuna eneo limezungushiwa uzio linaitwa Dubai Desert Conservation Reserve, ni hifadhi kama hifadhi nyingine, na ni karibu asilimia kumi ya Dubai yote. Humo ndani haingii kila mwenye Land Cruiser. Kampuni zenye ruhusa ni chache, na magari yanafuata njia zilizopangwa. Unamkuta oriksi mweupe, yaani choroa wa Uarabuni, unamkuta swala, unakaa kimya. Nje ya hapo ni Lahbab, ule mchanga mwekundu wa kwenye picha zote. Mzuri kweli, lakini jioni magari yanapanda na kushuka kwenye vilima utadhani stendi.

Kwa hiyo mama muulize wakala swali moja tu: kambi iko ndani ya hifadhi au nje? Akianza kuzungukazunguka, iko nje.

#5 Ligula Mtulivu
Fundi, asilimia kumi umezidisha. Hifadhi ile ni kilomita za mraba 225, inakuja kama asilimia tano. Hoteli ya Al Maha iliyomo ndani ilifunguliwa 1999, hifadhi yenyewe ikawekwa rasmi baadaye, 2003. Kwa hiyo hoteli ndiyo iliyotangulia.

#6 Fundi Gesi
Haya, tano. Mchanga wake haujapungua lakini.

#7 Dada wa Shangani
Mama Zuwena nikupe picha halisi, maana hao wanaume wanakupigia hesabu za ramani.

Safari ya jioni iko hivi. Mnachukuliwa hotelini alasiri, kama saa tisa hivi. Mkifika ukingoni dereva anapunguza upepo wa tairi, halafu anaanza kuwarusha kwenye vilima vya mchanga. Hapo ndipo mgongo wa baba Zuwena utakaposema. Wajawazito na wenye mgongo wenyewe wanawakataza, siyo ushauri wangu. Kisha mnasimama kupiga picha jua likizama, mnaingia kambini, ngamia wa kuzunguka naye kidogo, hina, nyama choma, mcheza ngoma anazunguka na sketi yenye taa, mnarudi. Saa tatu usiku mko njiani.

Ukilala kwenye kambi hiyohiyo ya bei rahisi, unachonunua ni kile kinachobaki wageni wakishaondoka. Muziki unazimwa, watu mia wanapanda magari, mnabaki wachache na wafanyakazi wanaokusanya sahani. Unapewa hema, godoro, blanketi, choo cha pamoja. Kwa wengine hapo ndipo raha inapoanza. Mimi nilipenda. Shoga yangu alilia usiku kucha kwa baridi.

#8 Chikongola Boy
Baridi jangwani?? Hiyo chai.

#9 Dada wa Shangani
Chai gani mdogo wangu. Desemba na Januari usiku jangwani unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mchanga hauhifadhi joto na mawingu hakuna ya kulizuia, jua likizama joto lote linapanda juu linaondoka. Wewe uliyezaliwa Chikongola nyuzi 10 utaomba maji ya moto ya kunywa. Kama umewahi kulala Newala mwezi wa saba utanielewa.

#10 Mwana wa Newala
Newala imetajwa, nimeamka. Tena pale Shimo la Mungu asubuhi ukungu ukitanda bondeni hadi Ruvuma huko, hakuna kambi ya Kiarabu inayoona ndani. Bure.

#11 Nahodha Mstaafu
Ndicho nilichotaka kusema. Mnalipa kwenda kuona mchanga na hapa Msimbati kuna mchanga usioisha! Kilomita kama 45 tu kutoka mjini, una bahari mbele, na gari likizama mchangani ni bure pia. Wana Mtwara wangapi wamefika ufuko wa Ruvula? Wanyooshe mikono.

#12 KoroshoGredi1
Nahodha mimi nilinyoosha mkono nikiwa nasukuma gari. Ile barabara ya mchanga ukiingia na gari dogo ujue umeingia na jembe.

#13 Dereva wa Kusini
Jembe la nini, upepo wa tairi. Wale wa Dubai wanashusha hadi kama 15 psi, tairi linapanuka linakanyaga mchanga badala ya kuukata. Msimbati ni hivyohivyo. Watu wanaingia na tairi limejaa ngumu kama la lami, wakikwama wanakanyaga mafuta, gari linajichimbia kaburi. Ila mkirudi kwenye lami mjaze, msikimbie na tairi laini hadi Mtwara mjini, mtaua tairi.

#14 Mama Zuwena
Jamani nimeuliza Dubai nimepelekwa Msimbati 😂 Asante dada wa Shangani, hilo la mgongo limenisaidia. Je, unaweza kwenda kambini bila kurushwa?

#15 Dada wa Shangani
Inawezekana. Waambie mapema kabla hujalipa kwamba mnataka njia tambarare, kuna kambi zinafikika kwa njia ya kawaida. Usingoje kumwambia dereva njiani. Pale kuna abiria wengine wanne waliolipia kurushwa, hatawakosea wao kwa ajili yenu.

#16 Mzee wa Ndanda
Mimi naona hili la bei mnalizungusha. Sababu ni MAJIRA. Julai na Agosti kule mchana ni zaidi ya nyuzi 40, nani analala hemani? Bei zinaanguka. Novemba hadi Machi hewa nzuri, dunia nzima inakwenda, bei zinapanda. Na angalia msimu wetu sisi: mnada unaanza Oktoba, hela inaingia Novemba na Desemba, yaani mkulima wa Mtwara anapata pesa yake hasa katika miezi ambayo jangwa ni ghali. Mungu alitupangia vibaya.

#17 Ligula Mtulivu
Mzee, majira yanaeleza kwa nini Januari ni ghali kuliko Julai. Mama ameuliza kambi mbili, tarehe moja. Hapo majira hayamo.

#18 Mzee wa Ndanda
Yamo. Tarehe za watu wengi, kambi nzuri hujaa kwanza, inayobaki na nafasi ndiyo inayotupa bei. Ukiona rahisi mwezi Desemba jiulize kwa nini bado ina nafasi.

#19 Bi Mkubwa wa Mikindani
Wajukuu, salaam. Mbona hamtaji Omani? Ukitoka Muscat kwenda Sharqiya ni kama kilomita 200, unafika Bidiyah, pale ndipo mchanga wa Wahiba unapoanza. Mchanga mkubwa, kilomita za mraba zaidi ya elfu kumi na mbili, hakuna magorofa yanayokuchungulia. Na nyumba nyingi za upande ule wa Ibra na Bidiyah watu wazima wanazungumza Kiswahili, maana wazee wao walikuwa huku pwani yetu, wengine wamezaliwa hukuhuku. Nilikwenda kwa ndugu wa marehemu mume wangu, nikakuta bibi anakaanga sambusa anawagombeza wajukuu kwa Kiswahili cha mjini kabisa.

Kambi zipo za aina zote. Zilizo ukingoni unafika na gari la kawaida. Zilizo ndani wanakuja kukuchukua Bidiyah kwa gari lao, na ulizeni kama usafiri huo umo kwenye bei, maana mara nyingi wanauweka pembeni.

#20 Chikongola Boy
Shikamoo bibi. Sasa bibi saa mbili na zaidi barabarani kutoka Muscat hiyo siyo "karibu na mji" tena.

#21 Bi Mkubwa wa Mikindani
Marahaba. Wewe Mtwara hadi Lindi unakwenda saa ngapi, na unasema Lindi ni hapo tu?

#22 Chikongola Boy
Bibi kanimaliza.

#23 Fundi Gesi
Bi Mkubwa yuko sahihi na kuna kitu kakigusa. Ukaribu ndio unaoharibu. Kambi iliyo dakika arobaini kutoka mji mkubwa, usiku upande wa mji mbingu inakuwa na rangi ya machungwa. Nyota unaziona chache. Ukitaka nyota hasa nenda mbali, kusini ya Abu Dhabi kuelekea Liwa, ukingoni mwa lile jangwa kubwa la Rub' al Khali. Na angalia mwezi. Watu wanapanga usiku wa mwezi mpevu kwa ajili ya picha, halafu wanalalamika hawakuona nyota. Chagua moja.

Kwa hiyo sababu nyingine ya bei: giza nalo linauzwa.

#24 KoroshoGredi1
Giza linauzwa 😂😂 TANESCO wangelijua hili tungekuwa matajiri Mtwara nzima.

#25 Mpishi Mwera
Mimi nimefanya kazi jikoni kwenye hoteli za namna hiyo, siyo Dubai, nchi nyingine ya huko huko. Mnasahau MAJI. Jangwani hakuna bomba. Maji yanaletwa kwa boza, taka zinarudishwa kwa gari, umeme ni jenereta au sola. Hema lenye bafu lake na kiyoyozi ni gharama tofauti kabisa na hema la godoro na choo cha pamoja. Ukiona kambi ina bwawa la kuogelea katikati ya mchanga, bei utakayotajiwa wala usishangae. Picha hazionyeshi boza.

Na chakula. Kambi ya watu mia tatu nyama inachomwa mchana inapashwa jioni. Kambi ya watu ishirini inachomwa unaiona.

#26 Ligula Mtulivu
Hoja ya Mpishi naiona ina uzito kuliko ya madalali, lakini haielezi kila kitu. Kuna kambi za kawaida tu, choo cha pamoja, na bado ni ghali kwa sababu ziko ndani ya hifadhi. Tunarudi kwa Fundi.

#27 KoroshoGredi1
Tunarudi kwa madalali. Mama jaribu kuwasiliana na kambi yenyewe moja kwa moja uone bei inavyoshuka.

#28 Dada wa Shangani
Gredi1 mimi nilifanya hivyo, kambi ikanipa bei ya JUU kuliko wakala. Wakala ananunua nafasi nyingi kwa pamoja, anapunguziwa. Kangomba yako haifanyi kazi kila mahali.

#29 Mtoto wa Masasi
Nachangia kutoka pembe nyingine. Jihadharini na picha. Rafiki yangu alikwenda Morocco, Marrakech, akalipia "usiku wa jangwani" dakika chache kutoka mjini. Kafika, ni mawe. Agafay ile ni jangwa la mawe na vilima vikavu, iko kama kilomita 30 hadi 40 kutoka mjini, na ina uzuri wake, jioni unaiona milima ya Atlas. Lakini yeye alishanunua kanzu na kilemba cha kupigia picha juu ya mchanga. Mchanga wenyewe uko Merzouga, zaidi ya kilomita 500, siku nzima barabarani. Mawe angeyaona Masasi.

#30 Mwana wa Newala
Mawe ya Masasi yaheshimiwe.

#31 Msafiri Mkimya
Namibia pia ni hivyo, mtu anatua Windhoek anadhani jangwa liko nyuma ya uwanja wa ndege. Sossusvlei, kwenye vilima vya mchanga, ni zaidi ya kilomita 300, sehemu kubwa vumbi. Ila pale kuna somo zuri la kuchagua malazi: geti la Sesriem. Aliyelala ndani ya geti anaruhusiwa kuanza safari ya kwenda kwenye vilima kabla ya jua kuchomoza. Aliyelala nje, hata kama hoteli yake ni ya kifahari kuliko, anasubiri geti lifunguliwe jua likitoka, na bado kuna kilomita kama 60 za kuendesha. Kambi ya hema ndani ya geti inaweza kukupa asubuhi bora kuliko hoteli ya nje. Kwa hiyo mama, usiulize nyota ngapi, uliza iko upande gani wa geti.

#32 Mama Zuwena
Hii nimeipenda. Nimemuuliza wakala wa pili, amesema iko ndani ya hifadhi, hema lina bafu lake, asubuhi wanapeleka watu kuangalia wanyama kwa gari la wazi. Wa kwanza nimemuuliza kambi inaitwaje, amesema "mtaijua mkifika".

#33 Chikongola Boy
"Mtaijua mkifika" 😂😂😂 kama basi la usiku.

#34 Fundi Gesi
Wa kwanza achana naye. Au mtumie kwa jioni tu, hata kambi ikiwa mbaya saa tatu mko njiani. Kulala ndiko kunahitaji jina la kambi.

#35 Mzee wa Ndanda
Na angalieni kalenda. Ramadhani ikiangukia humo, kambi nyingi ngoma na muziki vinasimama. Kwa sisi wengine ndiyo faida, mnapata kimya kwa bei ya kelele.

#36 Ligula Mtulivu
Mmetaja oriksi hapo juu, niongeze kidogo nje ya mada. Yule mnyama porini aliisha kabisa mwaka 1972, akabaki kwenye mazizi ya kufugia. Omani wakaanza kumrudisha porini 1982. Hifadhi yao ya oriksi ikaingia Urithi wa Dunia, halafu serikali ikapunguza eneo kwa asilimia 90 kwa ajili ya mafuta, UNESCO wakaifuta 2007, mahali pa kwanza duniani kufutwa kwenye orodha ile. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara na sisi tulikuwa kwenye orodha ya hatari tangu 2004, tukatolewa 2014 tukiwa salama. Tusijidharau.

#37 Nahodha Mstaafu
Ndiyo hoja yangu tangu mwanzo. Msimbati iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, ilitangazwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650, karibu mara tatu ya hiyo ya Dubai. Na kiingilio chake hakikutoi jasho.

#38 Mpishi Mwera
Nahodha ukilala Msimbati unalala wapi? Na unakula nini ukifika bila taarifa? Tuseme ukweli. Mtu anayelipa kule analipia pia kwamba akifika kitanda kimetandikwa na mtu anamngoja na juisi. Sisi tuna mchanga, tuna bahari, huduma tunaomba Mungu. Mikindani walau pale Boma la Mjerumani la 1895 ukilala unaona tofauti.

#39 Nahodha Mstaafu
Kuna Mwingereza, Leslie-Moore, alikaa Msimbati akapapenda mpaka akapatangaza kuwa nchi yake huru. Na juisi hakuwa nayo.

#40 Mtoto wa Masasi
Hiyo sasa chai kweli.

#41 Ligula Mtulivu
Siyo chai, ni kweli. Alijiita Sultani. Serikali ikaja kumtoa.

#42 Chikongola Boy
Sultani wa Msimbati 😂 kumbe tulikuwa na nchi na visa yake. Mama Zuwena waambie Dubai unatoka usultani.

#43 Mama Zuwena
Baba Zuwena kasoma uzi wote kimya, mwisho kasema yeye anaunga mkono maji ya Mpishi, mimi naunga mkono geti la Msafiri, mtoto anasema ni madalali. Tunamchukua wa pili lakini tutaomba apunguze, na tutamtumia Bi Mkubwa ujumbe kuhusu hao ndugu wa Ibra kwa safari nyingine. Nitaleta mrejesho na picha.

#44 KoroshoGredi1
Mtoto ana akili. Atapewa kilo moja ya gredi ya kwanza.

#45 Bi Mkubwa wa Mikindani
Mwanangu ukija chukua korosho za kubangua uwapelekee Ibra, na kochoko, yale mabibo makavu, kama umepata. Ming'oko msibebe mbichi, mizizi uwanja wa ndege inaleta maneno.

#46 Mgeni wa Lindi
Wakuu samahani kwa kuingilia, nimeona Kilwa imetajwa. Nataka kumpeleka mchumba Ijumaa hadi Jumapili kutokea Lindi mjini, Kilwa Masoko au nije Mikindani? Bajeti ya kawaida, yeye anaogopa boti.

#47 Dereva wa Kusini
Anaogopa boti na unampeleka Kilwa akaone Kisiwani kutokea ng'ambo? Mlete Mikindani. Na fungua uzi wako, huu una wenyewe.

#48 Mwana wa Newala
Newala hakuna boti.